Mtoto Akibadilika Ghafla Shuleni: Huenda Ni Ugonjwa, Si Utundu



Kuna maneno tunayoyasikia mara nyingi vijijini: "Huyu mtoto alikuwa mzuri, sijui ameingiwa na nini." Mwezi uliopita alikuwa akiandika vizuri na kubeba maji bila kumwaga. Sasa vikombe vyaanguka mikononi mwake. Mwandiko wake umekuwa kama wa mtoto wa chekechea. Mabega yanaruka, uso unajikunja, miguu haitulii chini ya dawati. Analia bila sababu, halafu anacheka. Usiku anaogopa kulala peke yake.

Mwalimu asema ni utundu. Nyanya asema ni jicho baya. Jirani asema ni mapepo. Wenzake darasani wanamwiga na kumcheka. Na mtoto mwenyewe hana jibu, kwa sababu hata yeye haelewi mikono yake inafanya nini.

Katika toleo hili twataka kueleza ugonjwa mmoja ambao hufanya hivyo hasa. Unatokana na maumivu ya koo. Unajulikana, unatibika, na kuna kazi kubwa ambayo kikundi chenu chaweza kufanya kuliko hata daktari.

UGONJWA HUU NI UPI?

Madaktari huuita korea ya Sydenham. Si ile nchi ya Korea. Ni neno lililotoka kwa Kigiriki, lenye maana ya kucheza dansi, kwa sababu viungo vya mgonjwa hutikisika kama anayecheza bila ngoma. Sydenham ni jina la daktari Mwingereza, Thomas Sydenham, aliyeueleza mwaka wa 1686. Zamani huko Ulaya watu waliuita dansi ya Mtakatifu Vitus, na wagonjwa wa kutetemeka walipelekwa kwenye makanisa yenye jina lake kuombewa. Kwa hiyo si sisi tu tuliofikiri kuwa ni jambo la pepo. Kila mahali watu walianza hapo, kabla ya kujua chanzo chake.

Ugonjwa huu huwapata hasa watoto wa miaka 5 hadi 15, yaani umri wa shule. Wasichana huupata zaidi kuliko wavulana.

KOO LAWEZAJE KUSUMBUA AKILI?

Kuna viini vinavyoitwa streptokokasi, ambavyo huleta maumivu ya koo na mafindofindo. Viini hivi vikiingia, mwili hutengeneza askari wake wa kupigana navyo. Kwa watoto wengi askari hao hushinda na mambo huishia hapo.

Lakini kwa watoto wachache askari hao hukosea. Ni kama mlinzi wa usiku anayempiga kijana wa nyumbani kwa sababu amevaa koti linalofanana na la mwizi. Sehemu fulani za mwili zafanana na viini vile, basi askari huzishambulia. Wakishambulia viungo, magoti na vifundo vya miguu huvimba na kuuma. Wakishambulia moyo, milango yake ya ndani, inayoitwa vali, hupata makovu. Wakishambulia sehemu ya ndani ya ubongo inayoongoza mwendo wa mwili na hisia, mtoto huanza kutikisika, na tabia yake hubadilika. Yote haya pamoja huitwa homa ya baridi yabisi.

Jambo moja huwapoteza watu wengi. Kutikisika huku hakuji siku ile koo linapouma. Huja baada ya mwezi mmoja hadi miezi sita au zaidi. Wakati huo kila mtu amesahau habari za koo. Mzazi akiulizwa, ajibu kwa ukweli, "Mtoto wangu hakuwa mgonjwa." Ndiyo sababu ni vigumu kwa familia kuona uhusiano wake.

DALILI ZA KUANGALIA

1. Viungo vinaruka vyenyewe: mikono, miguu, mabega, uso. Mara nyingine ni upande mmoja tu wa mwili. Mtoto akitazamwa au akikemewa, kutikisika huzidi. Akilala usingizi, huacha. Wengi husema, "Kama ni ugonjwa, mbona usiku hatikisiki? Anajifanya." La, hajifanyi. Ugonjwa wenyewe ndivyo ulivyo.

2. Mwandiko unaharibika. Chukua daftari lake la muhula uliopita, uliweke kando ya lile la sasa. Tofauti ikiwa kubwa, hiyo ni habari muhimu ya kumpelekea daktari. Beba madaftari yote mawili.

3. Mkono haushiki imara. Mwambie mtoto abane vidole vyako viwili bila kuachilia. Mwenye ugonjwa huu hubana na kulegeza, kubana na kulegeza, kama anayekamua ng'ombe.

4. Ulimi hautulii. Mwambie autoe nje, autulize. Unarudi ndani na kutoka tena wenyewe.

5. Maneno hayatoki vizuri, na mtoto anakuwa mlegevu.

6. Tabia inabadilika: kulia upesi, hasira, woga, kukosa makini darasani, kunawa mikono mara nyingi kupita kiasi, au kurudia swali lile lile hata akishajibiwa.

Tafadhali, majaribio haya si ya kuamua ugonjwa. Ni ya kuwasaidia mjue kwamba mtoto anafaa kupelekwa hospitali, wala si kupewa adhabu.

Tena kuna watoto ambao hawatikisiki sana, lakini mabadiliko ya tabia ni makubwa na huja kwa siku chache tu. Mwaka wa 1998 daktari Susan Swedo na wenzake huko Marekani walieleza habari za watoto 50 wa namna hiyo. Baada ya maambukizi ya viini hivi vya koo, watoto hao walianza ghafla kuwa na mawazo yasiyowatoka, kurudia-rudia vitendo, au kupepesa macho na kuguna bila kutaka. Mwaka wa 2012 maelezo hayo yalipanuliwa, yakaingiza watoto waliobadilika ghafla kwa sababu nyingine, wakiwemo wanaokataa chakula ghafla. Madaktari bado hawajakubaliana juu ya hali hii na jinsi ya kuitibu. Lakini somo kwetu ni lile lile: mtoto akibadilika ghafla, apimwe mwili kabla ya kulaumiwa tabia.

SI KILA MABADILIKO NI HAYA

Malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, kifafa, sumu, na hata dawa fulani zaweza kumbadilisha mtoto. Akiwa na homa kali, shingo imekaza, anatapika sana, ana degedege, amepoteza fahamu au haamshiki, msingoje. Apelekwe siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Pia tusisahau kwamba mtoto aweza kubadilika kwa sababu anaumizwa na mtu, nyumbani au shuleni. Mwulizeni kwa upole, akiwa peke yake na mtu anayemwamini.

HATARI KUBWA NI MOYO

Hapa ndipo tunaomba kila mwanakikundi asome kwa makini.

Kutikisika kunatisha, lakini mara nyingi huisha kwenyewe. Watoto wengi hupata nafuu kwa miezi michache, ingawa wengine huchukua mwaka mmoja au miwili, na huweza kurudi. Daktari aweza kutoa dawa ya kutuliza mwendo kama mtoto hawezi kula au kutembea. Dawa hizo zisinunuliwe dukani kwa kubahatisha.

Lakini zaidi ya nusu ya watoto wenye ugonjwa huu, moyo nao umeguswa. Ugonjwa wa moyo hautikisiki. Hauonekani. Mtoto acheza mpira na kwenda shule, na ndani vali zinaharibika kidogo kidogo. Kila mara viini vya koo vikirudi, askari hukosea tena, na kovu huongezeka. Baada ya miaka, mtu huanza kukosa pumzi akipanda kilima, miguu yavimba, na kwa msichana hali huweza kugeuka hatari kubwa wakati wa uja uzito. Shirika la Afya Ulimwenguni lakadiria kwamba watu milioni 55 duniani wana ugonjwa huu wa moyo, na kwamba unaua watu kama 360,000 kila mwaka. Wengi wao wanaishi katika nchi kama yetu.

Kwa hiyo, ugonjwa unaoonekana hupona, na ule usioonekana hubaki. Familia nyingi huona mtoto ametulia, wanashukuru Mungu, na kuacha kwenda kliniki. Hapo ndipo tunapompoteza.

Mtoto mwenye ugonjwa huu anahitaji mambo mawili hospitalini. La kwanza ni moyo kuchunguzwa, na hasa kupigwa picha kwa mashine iitwayo eko. Kipimo hiki hakiumi. Kwa kawaida hufanywa katika hospitali kubwa, siyo dispensari. La pili ni sindano ya benzathini penisilini, ambayo huzuia viini vya koo visirudi.

HESABU YA SINDANO

Sindano hii hudungwa kila baada ya wiki 4. Wengine huambiwa wiki 3. Kwa kawaida huendelea kwa miaka isiyopungua 5, na kwa wengi hadi wafikie umri wa miaka 21. Moyo ukiwa umeumia sana, yaweza kuendelea hadi miaka 40. Daktari ndiye anayeamua.

Wiki 4 si sawa na mwezi. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo sindano ni 13, wala si 12. Anayehesabu tarehe za mwezi hukosa kinga siku chache kila mara. Mtoto anayeanza akiwa na miaka 10 hadi afike 21 atadungwa sindano zipatazo 143. Hakuna mzazi anayeweza kukumbuka zote peke yake, katikati ya kupanda, kupalilia, karo na matanga.

Kikundi ndicho kinachoweza. Kama kikundi chenu hukutana kila Alhamisi, basi kila mkutano wa nne ndio wiki ya sindano. Andikeni jina la mtoto katika kitabu cha kikundi, mwenyekiti aulize, "Je, mtoto wetu amedungwa?", na mama au baba aonyeshe kadi. Tunavyokumbushana habari za mchango, tukumbushane na hili.

YALE KIKUNDI CHAWEZA KUFANYA

1. Nauli. Wekeni kando pesa kidogo kutoka kwa mchango wa kuzungusha, ziwe za nauli ya sindano. Sindano yenyewe si bei kubwa sana. Mara nyingi kinachomzuia mtoto ni nauli.

2. Mwenza. Mzazi akiwa mgonjwa au kazini, mwanakikundi mmoja ampeleke mtoto. Sindano hii inauma, na mtoto akiwa na mtu wa kumshika mkono huenda kwa hiari. Mwombeni mhudumu aipashe chupa joto kwa viganja na adunge polepole. Mwambieni kama mtoto aliwahi kuwashwa au kuvimba kwa dawa ya penisilini. Baada ya kudungwa, kaeni hapo kama nusu saa kabla ya kuondoka.

3. Uchunguzi wa moyo. Saidieni familia ijisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Ulizeni hospitalini ni gharama gani zinazolipwa. Pale panapobaki pengo, fanyeni harambee ndogo mapema.

4. Dawa kuisha. Dispensari ikisema hakuna dawa, msirudi nyumbani tu. Ulizeni ni wapi ipo. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu aweza kusaidia kuulizia.

5. Maneno ya kijijini. Mzee au mama anayeheshimiwa aseme wazi mkutanoni kwamba huu ni ugonjwa. Neno lake laweza kuzima uvumi wa uchawi kuliko karatasi ya hospitali. Kuombea mgonjwa ni vizuri, na kuendelee. Lakini asifungwe kamba, asichapwe wala kunyimwa chakula ili pepo atoke. Tena asiache sindano kwa sababu ameombewa. Maombi na matibabu hayagombani.

SHULENI TUFANYEJE?

Mzazi na mwanakikundi mmoja waende wamwone mwalimu mkuu wakiwa na barua ya daktari. Wasiende kwa ugomvi. Mwalimu mwenye watoto 60 darasani huona fujo tu, kwa sababu hakuna aliyemweleza. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inakataza kumwadhibu mwanafunzi kwa kumuumiza mwili au akili, na kwa mtoto huyu kiboko hakiponyi kitu, chazidisha kutikisika. Mwombeni mwalimu haya:

– Mtoto aketi mbele, lakini si peke yake kama mfungwa. Akae na rafiki mtulivu.

– Asilazimishwe kunakili ubao wote. Rafiki amwandikie, au ajibu kwa mdomo.

– Apewe muda zaidi katika mtihani. Kwa mitihani ya taifa, baraza la mitihani lina utaratibu kwa watahiniwa wenye mahitaji maalum, lakini shule ni lazima iombe mapema. Kituo cha kutathmini watoto, kinachojulikana kama EARC, kitawaeleza jinsi ya kuanza.

– Atumie kikombe na sahani ya plastiki. Asitumwe kubeba uji moto, wala kuwasha jiko, wala kupanda mti.

– Apewe ruhusa ya kutoka nje kidogo akilemewa, na mtu wa kumsindikiza chooni.

– Akirudia swali kwa woga, ajibiwe mara moja kwa upole, kisha aelekezwe kwa kazi nyingine. Asifanyiwe mzaha.

– Kama mzazi amekubali, darasa lielezwe: "Mwenzenu ana ugonjwa wa mwendo. Hauambukizwi kwa kuketi naye. Atapona, naye anahitaji marafiki."

Zaidi ya yote, asikae nyumbani muda mrefu. Aanze hata kwa nusu siku. Mtoto aliyekosa muhula mmoja aweza kurudi. Yule aliyekosa mwaka, na akaitwa mwenda wazimu, mara nyingi harudi.

KUZUIA NI RAHISI KULIKO KUTIBU

Maumivu mengi ya koo huletwa na homa ya mafua nayo huisha yenyewe. Lakini mtoto akiwa na koo linalouma sana anapomeza, ana homa, tezi za shingo zimevimba, wala hana kikohozi wala kamasi, apelekwe dispensari. Matibabu yakianza kabla ya siku 9 kupita, homa ya baridi yabisi huzuiwa. Akipewa tembe za siku 10, amalize siku 10 zote, hata kama koo limepoa siku ya tatu. Kununua tembe mbili dukani hakusaidii. Na kumkata mtoto kimio hakuondoi viini hivi. Kwaweza kumletea kutokwa na damu na ugonjwa mwingine.

Viini hivi huenea pale watoto wanapolala wakiwa wamebanana na madirisha yamefungwa. Wanakamati wa shule za bweni, fungueni madirisha na mtenganishe vitanda kadiri inavyowezekana.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, kijijini kwetu kuna mtoto aliyebadilika ghafla na kuacha shule? Watu walisema ni nini? Alipimwa?

2. Dispensari yetu ina sindano ya benzathini penisilini? Ni nani kati yetu atakayeenda kuuliza wiki hii?

3. Kama mtoto mmoja angehitaji sindano 13 kwa mwaka, nauli yake ingekuwa shilingi ngapi? Tungeitoa wapi?

4. Ni nani ataenda kuzungumza na walimu, na lini?

Andikeni majibu katika kitabu cha kikundi, pamoja na jina la aliyekubali kila kazi. Mkutano ujao, anzeni na ukurasa huo.